Laini Nayo Ina Mpaka: Faksi, Nyaya na Sheria za Simu Busia na Malaba

Mashine ya faksi huwekwa mezani sawa na fotokopi na huchomekwa kwenye umeme sawa na fotokopi, lakini kazi yake haianzi hadi iunganishwe na waya ambao si mali ya mwenye ofisi. Waya huo hutoka nje ya jengo, hupanda mlingoti, huingia pamoja na nyaya za majirani ndani ya kebo moja, na hatimaye hufika katika kituo cha kuunganishia simu, yaani jumba lenye mitambo inayokutanisha laini moja na nyingine. Hivyo lolote litendwalo ndani ya ofisi huweza kusikika, au hata kumdhuru mtu, mbali na ofisi hiyo. Hapo ndipo sheria za laini za simu zinapoanzia. Safu hii inashikilia kwamba katika miji ya Busia na Malaba, ambako karatasi iliyochelewa humaanisha lori lililosimama, ufanisi wa faksi uliamuliwa na laini kuliko ulivyoamuliwa na mashine, na kwamba kanuni ambazo wengi waliziona kuwa urasimu mtupu zilikuwa, kwa sehemu kubwa, kanuni za kuilinda laini hiyo.

Miji hiyo miwili iko umbali wa kilomita 30 hivi, na kila mmoja una pacha wake wa jina moja upande wa Uganda. Malaba una barabara kuu kutoka Mombasa kupitia Eldoret na una reli pia. Busia una barabara itokayo Kisumu. Shehena inayoshushwa bandarini Mombasa kwa ajili ya Uganda, Rwanda au mashariki ya Kongo hupita katika mojawapo ya malango hayo, na karatasi zake zililazimika kufika kabla ya lori au pamoja nalo: ankara, orodha ya shehena, bondi ya forodha ambayo ni ahadi ya kulipa ushuru iwapo mzigo utapotelea njiani, na fomu ya ingizo ambayo mawakala huiita entri kwa mkato. Wakala wa forodha wa Malaba aliyegundua kwamba tarakimu ya kontena kwenye ankara haikulingana na ile ya kwenye bondi hakuwa na namna ya kuisahihisha pale pale. Ilimbidi apate karatasi nyingine kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, na kati ya miaka ya 1980 na miaka ya kwanza ya karne hii, njia ya haraka kuliko basi la usiku ilikuwa faksi.

Ili kuelewa kwa nini laini ilikuwa na uzito huo, yafaa kwanza kuelewa mashine inafanya nini. Faksi, ambayo vitabu vya shule nchini Kenya huiita pia kipepesi au nukulishi, haitumi karatasi wala haisomi maandishi. Huupitisha mwanga juu ya ukurasa mstari kwa mstari, ikaugawa kila mstari katika vitone 1,728, na kila kitone ikakihesabu kuwa cheusi au cheupe. Ukurasa wa A4 katika ukali wa kawaida una mistari kama hiyo 1,100 na ushei, kwa hiyo una vitone karibu milioni mbili. Kama vitone hivyo vingetumwa kimoja kimoja kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, ukurasa mmoja ungetumia zaidi ya dakika tatu. Lakini kiwango cha kimataifa kilichopitishwa mwaka 1980, kinachojulikana kama Kundi la 3, kiliiagiza mashine itume urefu wa kila mfululizo wa weupe au weusi badala ya kitone chenyewe, na kwa kuwa barua ya kawaida ina weupe mwingi kuliko wino, ukurasa ukaweza kusafiri chini ya dakika moja.

Safari hiyo hufanyika kwa sauti. Laini ya simu ilijengwa kwa ajili ya koo la binadamu na hupitisha mitetemo ya kati ya hezi 300 na hezi 3,400, hezi moja ikiwa mtetemo mmoja kwa sekunde. Faksi basi hulazimika kuyageuza mahesabu yake yote kuwa milio inayoingia katika uchochoro huo mwembamba. Mashine inayopiga hutoa mlio wa hezi 1,100 kwa nusu sekunde, ikanyamaza sekunde tatu, ikarudia, ambayo ndiyo hodi yake. Mashine inayopokea huitikia kwa mlio mrefu wa hezi 2,100, ambayo ndiyo karibu. Kisha huulizana uwezo, zikakubaliana kasi, na mpigaji akatuma kwa sekunde moja na nusu mfululizo wa majaribio ambao mpokeaji anaujua tangu awali. Mpokeaji akiona majaribio yamefika yakiwa na kasoro, huomba kasi ipunguzwe: kutoka 14,400 hadi 12,000, kisha 9,600, 7,200, 4,800, na mwisho 2,400. Mazungumzo haya yote hufanyika katika zile sekunde ambazo karani huzisikia kama milio na mikwaruzo, naye hana habari kwamba hapo ndipo gharama ya simu yake inapoamuliwa.

Gharama hiyo inahesabika. Faili la kurasa 10 ambalo kwa kasi ya 9,600 lingemalizika kwa dakika saba hivi huchukua karibu dakika 27 kasi ikishuka hadi 2,400, na simu ya masafa marefu ililipiwa kwa muda, si kwa kurasa. Ofisi mbili za Malaba zingeweza kununua mashine za aina moja siku moja, nyingine ikalipa bili mara nne ya mwenzake kwa kazi ile ile, kwa sababu tu ya viungo vya waya vilivyosokotwa kwa vidole na kufungwa kwa gundi ya karatasi juu ya dari. Hili ni jambo ambalo wauzaji wa mashine hawakulieleza, na wanunuzi waliolipa zaidi ili wapate mashine yenye kasi ya 14,400 walinunua kasi ambayo waya wao haukuweza kuibeba.

Laini yenyewe ni jozi ya nyaya nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja. Kituo huipa jozi hiyo umeme wa volti 48, na upande wa chanya ndio unaounganishwa na ardhi, uamuzi wa tangu enzi za simu za kwanza uliokusudiwa kupunguza kuliwa kwa shaba pindi unyevu unapoingia kwenye kebo. Simu inapoitwa, kituo huongeza umeme wa mkondo geu unaoweza kufikia volti 75 hadi 90, na fundi aliyeshika nyaya zikiwa tupu wakati huo huukumbuka mshtuko wake. Katika nyanda za magharibi ya Kenya, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, adui mkubwa wa jozi hiyo ni maji: yakipenya kwenye kiungo, umeme huvuja kutoka waya mmoja hadi mwingine, mkwaruzo husikika, na mazungumzo ya binadamu huendelea bila shida kwa kuwa sikio hujaza pengo la neno lililopotea, lakini faksi haina namna ya kukisia kitone kilichopotea. Ndiyo sababu malalamiko kwamba simu inafanya kazi vizuri lakini faksi inakataa hayakuwa na mgongano wowote ndani yake.

Fundi mzoefu huweza kujua kosa liko wapi kwa kuutazama ukurasa uliopokewa, na ustadi huu unastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ndio unaomaliza ubishi kati ya mwenye ofisi, muuza mashine na kampuni ya simu. Herufi zikiwa zimebanwa kwenda juu, kana kwamba mstari mmoja wa maandishi umekatwa tumbo na vipande viwili vikaunganishwa, basi mkwaruzo wa muda mfupi umepoteza mistari kadhaa ya vitone, na kosa ni la laini. Mstari mweusi ulionyooka kutoka kichwani hadi miguuni mwa ukurasa ni uchafu, mara nyingi tone la wino wa kufutia makosa, uliokauka juu ya kioo cha mashine iliyotuma. Mstari mweupe ulionyooka vivyo hivyo ni jino lililokufa kwenye kichwa cha kuchapia cha mashine iliyopokea. Herufi zilizovutwa zikawa ndefu ni rola lililochoka linaloteleza juu ya karatasi. Ukurasa uliokatika katikati, wakati hakuna mvua wala radi, mara nyingi umekatwa na mlio wa kumjulisha mteja kwamba simu nyingine inangoja, huduma ambayo ofisi iliiomba kwa ajili ya simu ya mazungumzo bila kukumbuka kwamba laini ni ile ile. Na pale shaka inapobaki, mashine hupewa karatasi itoe fotokopi yake yenyewe bila kupiga simu: kasoro ikitokea hapo pia, laini haina hatia.

Hatua ya pili ya uchunguzi ndiyo inayofikia moyo wa sheria. Vifaa vyote vya ofisi huchomolewa, simu moja ya kawaida huchomekwa kwenye soketi ya kwanza kabisa waya unapoingia jengoni, tarakimu moja hubonyezwa ili mlio wa kituo ukome, na fundi husikiliza ukimya. Mkwaruzo ukiwapo katika ukimya huo, tatizo liko upande wa kampuni. Usipokuwapo, liko upande wa mteja. Soketi hiyo ya kwanza ni mpaka. Nyaya zilizo nje yake ni za mwenye mtandao, naye ndiye anayewajibika kuzitengeneza. Nyaya, viungo na mashine zilizo ndani ni za mteja, naye ndiye anayewajibika kwa madhara yake. Wakazi wa Busia hawahitaji kufundishwa maana ya mstari kama huo, kwa kuwa wanaishi juu yake: kinachovuka hukaguliwa, na aliyekivusha huulizwa karatasi.

Karatasi ya mashine ya faksi ni kibali cha aina, yaani uthibitisho wa mdhibiti kwamba kifaa cha muundo fulani kimepimwa na kuonekana kinafaa kuunganishwa na mtandao wa umma. Katika enzi ya Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililojulikana kwa ufupisho wa KPTC na ambalo watu waliliita Posta kwa urahisi, mwenye mtandao na msimamizi wa kanuni walikuwa kitu kimoja. Shirika lilileta laini, likaamua kifaa gani kiunganishwe, na likawa na mamlaka ya kukata. Sheria ya Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 iliyatenganisha mambo hayo. Mnamo Julai 1999 shirika liligawanywa: Telkom Kenya ikachukua simu, Shirika la Posta la Kenya likachukua barua, na usimamizi ukapewa Tume ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo baada ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2013 ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Uganda ilipita njia hiyo hiyo kidogo mapema, kwa sheria yake ya mawasiliano ya mwaka 1997 iliyounda tume ya udhibiti na kulivunja shirika la posta na simu la nchi hiyo. Mwaka 2010 Kenya ilitoa kanuni mahususi kuhusu uingizaji, uidhinishaji wa aina na usambazaji wa vifaa vya mawasiliano. Na pamoja na vifaa, wakandarasi na mafundi wa kazi hiyo nao wanatakiwa kuwa na leseni.

Vipimo vya kibali cha aina vina sababu zinazoweza kuelezwa kwa mtu yeyote, na ni hasara kwamba mara nyingi hazikuelezwa. Cha kwanza ni usalama: mashine ya faksi ina umeme wa volti 240 upande mmoja na waya wa simu upande mwingine, na kizuizi kati ya pande hizo kikiwa hafifu, siku kitakapovunjika umeme wa ukutani utapanda mlingoti hadi mikononi mwa fundi aliyeko juu ya ngazi, pengine kilomita mbili mbali, ambaye hajui lolote kuhusu ofisi ile. Cha pili ni nguvu ya sauti inayotumwa: ikizidi kiwango, huvuja kutoka jozi moja hadi jozi jirani ndani ya kebo, na mfanyabiashara wa ng'ambo ya barabara husikia milio ya faksi ndani ya mazungumzo yake. Cha tatu ni tabia ya kupiga: mashine inayokuta laini ya mpokeaji imeshikika isirudie kupiga bila kikomo, kwa kuwa mashine chache zisizochoka zinaweza kukishughulisha kituo kidogo cha mji kuliko wateja wote wengine. Cha nne ni mzigo wa mwito, kipimo cha kiasi cha umeme wa kengele ambacho kila kifaa hukitumia. Uingereza iliweka kikomo cha jumla ya 4 kwa laini moja na Marekani 5, na ofisi inayotundika simu tatu, faksi na modemu kwenye jozi moja hufika mahali ambapo hakuna kengele inayolia, kisha huilaumu kampuni kwamba simu haziingii.

Kuna cha tano kinachohusu mpaka zaidi ya vingine. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani inategemea umeme wa volti 120 na mitetemo 60, ilhali Kenya na Uganda hutumia volti 240 na mitetemo 50. Na hata ikiwekewa transfoma, ndani yake mna mpangilio wa nchi unaoamua muda wa kungoja mlio, namna ya kuutambua mlio wa laini iliyoshikika, na nguvu ya kutuma. Kifaa kilichonunuliwa kikiwa kimetumika na kuvushwa mpakani pamoja na bidhaa nyingine kinaweza kuwaka, kikatoa fotokopi safi, na bado kisielewe kituo kinakiambia nini. Hapa kibali cha aina kilikuwa kinamlinda mnunuzi, na lawama haipaswi kumwangukia mnunuzi peke yake: utaratibu uliojulikana Nairobi haukutangazwa vya kutosha katika mitaa ambako mashine ziliuzwa.

Suala gumu kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa la mita mia chache. Mawakala wengi walikuwa na ofisi Busia ya Kenya na nyingine Busia ya Uganda, zilizo karibu kiasi kwamba karani aliweza kutembea kati yake, na usafiri wa baiskeli uliozaliwa hapo hapo kwa kuwavusha watu kutoka boda hadi boda, na ulioipa Afrika Mashariki neno bodaboda, uliweza kubeba bahasha kwa dakika chache. Wazo la kuvuta waya kutoka ofisi moja hadi nyingine, na kuunganisha faksi mbili bila kupitia kituo chochote, lilikuwa wazo la kawaida kwa mtu yeyote mwenye akili ya biashara. Lakini waya huo, ukiwa na urefu wa mita 300 tu, ungekuwa mtandao wa mawasiliano wa kimataifa uliojengwa bila leseni, kosa chini ya sheria za nchi zote mbili, hata kama wenye ofisi hizo ni kampuni moja. Karatasi iliruhusiwa kuvuka mkononi. Picha yake haikuruhusiwa kuvuka kwa waya wa mtu binafsi.

Sheria katika jambo hilo ilikuwa na haki nusu. Waya unaovuka barabara ya malori makubwa bila mlingoti wa kufaa, unaounganisha ardhi ya majengo mawili yenye umeme wa mashirika mawili tofauti, ni hatari ya kweli, na katika bonde la Ziwa Victoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, waya wa namna hiyo huileta radi katika vyumba viwili badala ya kimoja. Lakini sababu ya usalama ingeweza kutimizwa kwa masharti ya ujenzi; kilicholindwa zaidi ni mapato ya simu za kimataifa, ambazo ilibidi zipande hadi kwenye mitambo ya taifa moja, zipewe taifa la pili, kisha zirudi mpakani zilikotoka. Jirani wa ng'ambo ya lango akawa ghali kumfikia kuliko Kisumu.

Na si kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Hadi mwaka 1977 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, na mtandao wa simu ulisanifiwa kama wa eneo moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka huo, kila nchi ikabaki na kipande chake, lakini alama ya undugu wa zamani ilisalia katika tarakimu: anayepiga Uganda kutoka Kenya hutumia 006 badala ya kupitia mlango wa kimataifa wa 000 na msimbo wa 256, anayepiga Tanzania hutumia 007, na wa Uganda au Tanzania anayepiga Kenya hutumia 005. Karani aliyeijua njia hiyo aliihifadhi katika kumbukumbu ya faksi. Ni tarakimu tatu tu, lakini zinaeleza historia ya kanda hii kwa uaminifu kuliko hotuba nyingi, kwa kuwa zinaonyesha kwamba wahandisi waliendelea kumhesabu jirani kuwa jirani wakati mipaka ilikuwa inafungwa. Ilichukua hadi Oktoba 2014, Kenya na Rwanda zilipoanza mpango wa eneo moja la mtandao ambao Uganda ilijiunga nao, kwa gharama za simu za mkononi za kuvuka mipaka kupunguzwa kwa makubaliano ya serikali.

Ndani ya ofisi, ufungaji mzuri hauna siri kubwa. Faksi hupewa laini yake yenyewe; ikishindikana, waya wa ukutani huingia kwanza kwenye faksi, na simu ya mezani huchomekwa kwenye tundu la pili la mashine, ili faksi inapokuwa kazini iweze kuikata simu isiinuliwe na mtu wa chumba kingine. Penye swichibodi, yaani mtambo mdogo wa ofisi unaogawa laini chache kwa meza nyingi, faksi isipitie ndani yake, na isichomekwe kamwe kwenye tundu la simu ya kidijitali ya swichibodi, kwa kuwa umeme wa tundu hilo si wa laini ya kawaida na unaweza kuiharibu mashine. Isipoepukika kupita humo, tarakimu ya kutokea nje hufuatwa na alama ya mapumziko ya sekunde mbili tatu kabla ya nambari yenyewe, ili laini ya nje iwe tayari. Kikinga radi huwekwa kwenye waya wa simu na wa umeme kwa pamoja, na vyote viwili huunganishwa kwenye ardhi moja, kwa sababu radi huua mashine hasa pale ardhi mbili zinapotofautiana volti. Ofisi nyingi zilinunua kikinga cha umeme peke yake, zikaacha mlango wa pili wazi.

Kichwa cha ukurasa ni jambo dogo linalodharauliwa. Kila mashine huweza kuchapa juu ya ukurasa jina la mtumaji, nambari yake, tarehe na saa, lakini mtu lazima ayaingize maelezo hayo siku ya kuifunga, na saa irekebishwe kila umeme unapopotea kwa muda mrefu. Ukurasa wenye kichwa kinachosema mwaka 1990 kuhusu shehena ya mwaka 2003 humpa afisa wa forodha sababu halali ya kuukataa. Pamoja na hayo, karatasi ya joto, ile nyembamba inayong'aa ambayo huandikwa kwa kuchomwa badala ya wino, hufifia, na kwenye ofisi ya mabati yenye dirisha linaloelekea jua la mchana hufifia kwa miezi. Ndiyo maana mawakala waangalifu waliifotokopi mara ilipotoka na kuhifadhi nakala hiyo pamoja na ripoti ya mashine inayoonyesha kwamba simu ilipokewa. Nakala ya bondi haikuwa bondi, na desturi ya kufanya kazi kwa nakala huku asili ikifuata ilitegemea kuaminiana zaidi ya kifungu chochote.

Kilichoiondoa faksi mpakani kilikuwa data zaidi kuliko mashine bora. Mwaka 2005 sheria ya pamoja ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa ilianza kutumika na Mamlaka ya Mapato ya Kenya ikaanzisha mfumo wa Simba wa kuwasilisha entri kwa kompyuta. Baadaye mifumo ya forodha ya Kenya na Uganda ikaunganishwa ili ibadilishane taarifa, utaratibu wa himaya moja ya forodha ukaanza mwaka 2014, na Februari 2018 marais wa nchi hizo mbili wakafungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambapo maafisa wa pande zote hukaa chini ya paa moja. Taarifa inapoingizwa mara moja Mombasa na kuonekana Malaba, hakuna ukurasa wa kutumwa. Wakati huo huo nyaya za shaba zilikuwa zinaibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na tangu 2007 wateja wengi wa mezani walipewa simu zisizotumia waya, ambazo zilifanana na simu ya mezani kwa umbo na nambari lakini zilibana sauti kwa namna inayofaa mazungumzo na kuiharibu milio ya faksi.

Ofisi ambazo bado zinahitaji faksi, na zipo, hasa pale benki au bima ya ng'ambo inapoitaka, huitumia kupitia intaneti ya nyuzi za kioo kwa kifaa kidogo kinachogeuza laini ya kidijitali kuwa tundu la simu ya kawaida. Kifaa hicho kinahitaji kuwashiwa kanuni ya T.38, iliyopitishwa mwaka 1998, ambayo huibeba picha ya faksi kama data badala ya kuibeba kama sauti; bila hiyo, kifurushi kimoja cha data kikipotea huwa sawa na kiungo kilicholowa maji. Nacho kifaa hicho, kikiwa kinaunganishwa na mtandao wa umma, kinahitaji kibali cha aina kama mashine ya zamani ilivyohitaji.

Limebaki jambo la nambari zenyewe. Barua rasmi za ofisi nyingi bado zina mstari wa faksi unaoanza na 055, msimbo wa Busia na Bungoma, ingawa laini yake ilikatwa miaka mingi iliyopita. Nambari ya simu si mali ya mteja. Ni sehemu ya mpango wa nambari unaosimamiwa na mdhibiti kwa niaba ya umma, na iliyoachwa huweza kupewa mteja mwingine. Ofisi inayoacha mstari huo kwenye barua zake inaelekeza ankara na bondi za wateja wake kwa mtu isiyemjua.